Kijani Juu, Chini Bado

Wiki hii nakupeleka uwanjani. Si uwanja wa kandanda, bali wa mchezo wa kuviringisha tufe, ambao wazee wa hapa Uingereza wanaupenda kama wazee wa kwetu wanavyopenda bao. Mchezaji huviringisha tufe zito polepole, akitaka likome karibu kabisa na tufe dogo. Ni mchezo wa kale: uwanja wa Southampton husemekana kuwa ulianza mwaka 1299.

Uwanja wenyewe ni mraba, na kila upande una mita kati ya 34 na 40. Nyasi zake hukatwa fupi mno, kiasi cha milimita 5, na lazima uwe sawa kama meza. Kijishimo kidogo tu, tufe linapotea njia. Watu hucheza kuanzia Aprili hadi Septemba. Oktoba ikifika, matengenezo huanza.

Katika mji ninaoishi, jirani yangu alinitia katika chama cha mchezo huo. Oktoba moja wanachama walichanga fedha, wakang'oa nyasi zilizochakaa na kutandika mpya. Nyasi hizo hutoka shambani zikiwa zimekunjwa kama mikeka, zimebeba udongo mwembamba na mizizi iliyokatwa. Kufika jioni uwanja ulikuwa kijani kitupu. Mzee mmoja aliyepita miaka 80 akaniuliza, "Basi Aprili tutacheza?" Nikamjibu bila kufikiri, "Bila shaka, mzee."

Nilikuwa nimedanganywa na macho. Nyasi zilizotandikwa leo hazijapandwa, zimelazwa tu. Lazima zitoe mizizi mipya, iteremke katika udongo wa chini na kuushika. Na mizizi hukua pale tu udongo una joto kidogo, nyuzi 5 au 6 hivi na kuendelea. Ukipoa zaidi ya hapo, kazi husimama. Kwa hiyo wiki chache za Oktoba na Novemba ni za thamani kubwa, na baada ya hapo ni kungoja.

Lakini kungoja si kulala. Upepo mkavu hukausha vipande, vikasinyaa na kuacha nyufa. Dawa yake ni kufagilia mchanga uliochanganywa na udongo laini ndani ya nyufa hizo, na kumwagilia maji hata kama ni baridi. Majani yanayodondoka mitini huondolewa mara kwa mara, maana yakilala juu ya nyasi huzinyima mwanga na hewa. Umande nao hupanguswa asubuhi kwa fito ndefu, kwa sababu unyevu uliotuama huleta kuvu. Utaona mabaka ya rangi ya kahawia, madogo kama sarafu, kisha yanapanuka. Mbolea yenye naitrojeni nyingi isitiwe wakati huu. Hunenepesha majani yakawa laini, na kuvu hupenda majani laini.

Nyasi zikirefuka, hukatwa ncha tu, kwa mashine nyepesi yenye kisu kikali, siku ambayo ardhi ni kavu. Sisi tuliziacha zifike milimita 10 na zaidi, kwani jani ndilo linalolisha mzizi. Na mtu akilazimika kupita, hutandika mbao akakanyaga juu yake.

Hapo nina la kukiri. Asubuhi moja ya Januari uwanja ulikuwa mweupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Nikaingia katikati nipige picha. Jani lililoganda huvunjika ndani linapokanyagwa. Baada ya siku chache nyayo zangu zilionekana moja moja, nyeusi, kama za mwizi. Hakuna aliyenigombeza. Mzee yule alizitazama, akanitazama na mimi, akaenda zake.

Sakitu ina hila nyingine: udongo ukiganda huvimba na kuinua nyasi. Barafu ikiyeyuka na uso ukikauka, vipande hukandamizwa taratibu kwa ubao. Rola nzito haifai, hushindilia udongo mpaka mizizi ikakosa hewa.

Machi kukawa na ubishi. Wengine walitaka tufungue Aprili kama desturi. Mzee naye alisema, "Mimi sina misimu mingi ya kungoja." Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa ahadi ilikuwa yangu. Tukaenda pembeni mwa uwanja, tukavuta ncha ya kipande kimoja taratibu. Kikainuka kama mkeka. Tukavuta cha pili, kikainuka nacho. Mzee akainama, akaona mizizi michache myeupe, mifupi. Akasema, "Haya, turudishe."

Tulifungua Mei, wiki nne baada ya kawaida. Wanachama kadhaa walikuwa wamekwisha kwenda kucheza kwingine. Mzee alibaki, na tufe la kwanza alirusha yeye. Kama tungefungua Aprili, miguu na matufe yangelivuruga vile vipande, na msimu mzima ungepotea, na wake pia.

Wenzangu, tunazoea kusifu kitu siku kinapozinduliwa, kikiwa bado kinang'aa. Mimi siku hizi kabla ya kusifu huvuta ncha kwanza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hadi wiki ijayo, kwaherini.