MOTO KICHAA HAUPIGI HODI MLANGONI, UNAINGILIA UANI



Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunaona ni cha wazee wa kijijini na mabwana misitu: moto kichaa. Najua kuna watakaosema "wewe umeishia kidato cha nne, hilo somo umelitoa wapi?" Nisomeni tu mpaka mwisho. Huku kwetu Mufindi, kiangazi kikikolea na upepo ukianza, haipiti muda utasikia kuna mtu kaunguliwa.

Nianze na yaliyotukuta sisi. Oktoba 2019 kuna mtu alikuwa anachoma mabaki shambani kwake, upepo ukauchukua moto ukaupeleka kwenye misindano. Wanakijiji wakatoka na matawi mabichi na majembe, wakapambana nao mpaka ukaishia barabarani. Barabara hiyo iko kama mita 60 kutoka kwa bibi yangu. Moto haukuvuka. Watu wakapongezana, wakakaa chini kunywa maji.

Baadaye kidogo jiko la bibi likaanza kufuka moshi. Bibi mwenyewe hakuwa amewasha kitu tangu asubuhi. Jiko lote likaisha, na magunia saba ya mahindi yaliyokuwa darini yakaenda nalo. Yaani chakula cha mwaka mzima.

Hapo maneno yakaanza. "Moto umezimwa, sasa huu umetoka wapi? Huu ni mkono wa mtu." Kuna kijana jirani alikuwa ametoka kugombana na bibi kuhusu mbuzi. Akanyooshewa kidole mpaka akaona bora ahame kijiji. Na mimi nilikuwa mmoja wa walionyoosha kidole. Nasema hivyo kwa aibu kabisa.

Sasa sikilizeni nilichokuja kukijua baadaye.

MCHAWI NI CHECHE

Wengi tunadhani nyumba inaungua pale ukuta wa moto unapofika na kuimeza. Inatokea, lakini mara nyingi sivyo. Moto mkubwa unarusha cheche: vipande vya magome, majani, sindano za misindano, vyote vikiwa vinawaka. Upepo unavibeba mamia ya mita, wakati mwingine hata kupita kilometa moja. Vinatua popote. Vikitua kwenye udongo mtupu vinazima. Vikitua kwenye kitu kikavu vinakaa hapo, vinafuka taratibu, halafu vinalipuka wakati nyie mmeshakaa chini kunywa maji.

Novemba 2018 mji wa Paradise kule California, Marekani, uliungua, watu 85 wakafa. Ukitazama picha za baada ya moto utashangaa: nyumba ni majivu, lakini pembeni yake misindano imesimama na majani yake ya kijani. Moto haukutoka mtini kwenda kwenye nyumba. Nyumba ziliwashwa na cheche, kisha nyumba ikaiwasha nyumba.

Kuna mtafiti aliyekuwa Idara ya Misitu ya Marekani, anaitwa Jack Cohen. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alishiriki majaribio kule Kanada. Walisimamisha kuta za mbao karibu na msitu, halafu wakauwasha msitu wenyewe. Kuta zilizokuwa mita 10 kutoka kwenye miti, baadhi ziliwaka. Zilizokuwa mita 20 na 30 hazikuwaka. Kwa hiyo joto la msitu unaowaka halifiki mbali kama tunavyofikiri. Kinachofika mbali ni cheche, na cheche peke yake haina nguvu mpaka umwekee chakula.

Jiko la bibi lilikuwa na chakula cha kutosha. Lilijengwa kwa mabanzi, na ukutani palikuwa na rundo la mabanzi ya kuni, chini yake maranda tuliyoletewa kutoka kiwanda cha mbao. Maranda yakishika moto yanaungua ndani kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Halafu mnatafuta mchawi.

MIZUNGUKO MITATU

Chukua nyumba yako, izungushie duara tatu kichwani.

Duara la kwanza ni hatua mbili kutoka ukutani, kama mita moja na nusu. Hapa KISIWEPO kitu kinachowaka. Udongo uliofagiwa, changarawe au saruji, basi. Kuni, mabua, maranda, viti vya plastiki, maua yaliyokauka, vyote viondoke. Kama una uzio wa mabanzi unaogusa nyumba, kipande cha mwisho kitoe ujenge tofali, manake uzio wa namna hiyo ni utambi. Ukibakiza nguvu za kufanya kitu kimoja tu mwaka huu, fanya hiki.

Duara la pili linafika kama mita 10. Hapa ndipo pa bustani, ila iwe vipande vipande vyenye vijia katikati, moto usipate pa kutembelea. Panda vitu vyenye maji: matembele, maboga, mchicha, migomba. Ila mgomba ukiuacha na majani makavu yananing'inia umejiwekea mwenge, kata. Nyasi ziwe fupi, zisizidi upana wa kiganja. Mbuzi kwenye kamba anaifanya kazi hiyo bure. Matawi ya miti yasiguse bati. Rundo la kuni lihamie mwisho wa duara hili.

Duara la tatu linafika mita 30. Miti ipo, lakini isibanane. Pogolea matawi ya chini mpaka kama mita mbili kutoka ardhini, kwa sababu moto wa nyasi hupanda juu kwa kutumia hayo matawi kama ngazi. Kama nyumba yako iko kilimani, ongeza umbali upande wa chini, kwani moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka.

Na mikaratusi je? Majani yake yana mafuta, magome yake yanabanduka na kuruka huku yanawaka. Ipande mbali. Uzio wa saipresi nao unadanganya: nje kijani, fungua ndani uone makapi makavu yalivyojaa.

Usisahau kupanda juu. Fagia sindano zilizojaa kwenye bati na kwenye gata. Mwanya kati ya bati na ukuta uzibe, au weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, manake cheche zikiingia darini kwenye mahindi hutazijua.

"KIWANJA CHANGU KIDOGO"

Najua, mwingine ana kiwanja ambacho mita 30 inaishia chumbani kwa jirani. Basi duara lako ni uani kwa jirani, na lake ni kwako. Ongeeni. Kufyeka peke yako huku mwenzio ana rundo la mabua ukutani mwako haisaidii.

Kazi hii ifanyike Mei na Juni, mvua zikikatika, sio Oktoba. Na takataka zake USIZICHOME, ndo mwanzo wa balaa lenyewe. Chimba shimo, oza mboji. Kuwasha moto porini kuna masharti yake kwenye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Wala sisemi ukifagia umepona. Upepo ukiwa mkali na moto unakuja, toka na watu wako, piga 114 Zimamoto. Usipande juu ya bati na ndoo. Uwanja msafi unaipa nyumba nafasi ya kusimama yenyewe wakati wewe haupo.

USHAMBA ULIOTUOKOA

Kinachonichekesha ni kwamba wazee walishajua. Mama yake bibi alikuwa anafagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo unang'aa, hakuna jani. Sisi vijana tukaona ni ushamba, tukataka ukoka mpaka ukutani na ua kama wa kwenye sinema. Lile rundo la mabanzi pale jikoni nililipanga mimi, likizo ya Juni, nikasifiwa.

Jiko jipya ni la tofali. Kuni ziko mbali, bibi analalamika mgongo, wajukuu tunabeba. Na yule kijana nilimtafuta, nikamweleza yote haya, nikamwomba msamaha. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo wale wengine utawaambia lini?"

Ndo nawaambia.

Haya wadau, na kwenu mnafanyaje? Dondosheni maoni hapo chini. Ukitoka hapo kafe leo, ukifika nyumbani zunguka nyumba mara moja tu, uangalie ukutani kuna nini.