Je, Wajua? Baiskeli Ilitangulia Barabarani

Je, wajua kwamba barabarani baiskeli ndiyo mwenyeji, na gari ndilo mgeni? Mwaka 1817, mjini Mannheim, Ujerumani, Karl von Drais alipanda chombo chake cha mbao chenye magurudumu mawili, akajisukuma kwa miguu, maana pedeli zilikuwa bado hazijabuniwa. Gari la petroli la Karl Benz lilipata hataza mwaka 1886. Baiskeli ilikuwa imetangulia kwa miaka 69!

Na Benz alilijengea wapi gari lake? Mannheim hiyohiyo! Itazame vizuri picha yake: magurudumu matatu membamba, spoki za waya, cheni za kuzungusha matairi ya nyuma. Wabia aliofungua nao kampuni mwaka 1883 walikuwa na duka la baiskeli. Gari lilizaliwa nyumbani kwa baiskeli, ndugu yangu.

Bado hujashangaa? Tairi la upepo lilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli ya mtoto. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alimhurumia mwanawe aliyekuwa akirukaruka juu ya magurudumu magumu ya baiskeli yake ya miguu mitatu. Mwaka 1888 akasajili wazo lake, na leo basi la abiria 60 linatembea juu ya upepo uleule.

Na barabara nzuri je, nani alianza kuzidai? Marekani, walikuwa waendesha baiskeli. Chama chao kilianzishwa mwaka 1880, wakati hakuna hata gari moja la kuuzwa, na kikapiga kelele miaka na miaka barabara za matope zitengenezwe. Kwa hiyo dereva, siku ukiteleza kwenye lami safi, kuna watu wa baiskeli wa kuwashukuru.

Uingereza nako, sheria ya mwaka 1865 ilitaka chombo cha injini mjini kisizidi maili 2 kwa saa, yaani kama kilomita 3, na mtu atangulie mbele kwa miguu ameshika bendera nyekundu! Mwenye baiskeli alilipita gari huku akipiga kengele. Kikomo hicho cha mwendo kilidumu hadi mwaka 1896.

Mwaka huohuo wa 1896, jijini New York, gari liligongana na baiskeli. Mwanamke aliyekuwa juu ya baiskeli alivunjika mguu, dereva akalala mahabusu. Ni miongoni mwa ajali za kwanza kabisa za gari kuandikwa Marekani. Magari yalikuwa ya kuhesabu, na bado moja lilifanikiwa kumgonga mwendesha baiskeli!

Sasa sogea hapa karibu, tuje kwenye barabara ya leo.

Gari likienda kilomita 48 kwa saa, linahitaji mita 23 hadi lisimame. Lakini sikia hili: mita 9 za mwanzo zinapotea kabla mguu haujagusa breki, wakati ubongo bado unatambua kwamba mbele kuna mtu. Ongeza mwendo mara mbili, hadi kilomita 96, na mita 23 zinageuka 73. Hiyo ni lami kavu na breki nzima. Mvua ikinyesha, usiulize.

Kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa unaona ni tofauti ndogo? Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu anayegongwa na gari inapanda mara 4.5. Kilomita 15 tu! Na wapo madereva wanaoziongeza ili wawahi taa zilezile nyekundu ambazo mwenye baiskeli atawakuta wamesimama.

Je, wajua kwamba jicho lako linazimwa mara nyingi kila dakika bila wewe kujua? Unapogeuza macho haraka kutoka kushoto kwenda kulia, ubongo unaikata picha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ili usione ukungu, kisha unaliziba pengo mwenyewe. Baiskeli ni nyembamba, inaenea kwenye pengo hilo. Dereva anayesema "nilitazama, sikuona kitu" huenda anasema kweli kabisa! Ndiyo sababu kwenye makutano yafaa kutazama polepole, na kutazama tena.

Halafu kuna nguzo ya kioo cha mbele, ile iliyo kati ya kioo na mlango. Ukiwa umekaa kwenye usukani, inaweza kumficha mtu mzima na baiskeli yake na keria iliyojaa mkaa. Sogeza kichwa mbele kidogo, ghafla anatokea. Jaribu leo.

Wewe wa baiskeli, lako hili hapa. Usiku, kiakisi mwanga kilichofungwa kwenye kifundo cha mguu au kwenye pedeli kinakutambulisha haraka kuliko kilichotulia mgongoni. Kwa nini? Kwa sababu kinapanda na kushuka, na ubongo wa dereva unaujua mwendo wa mguu wa binadamu hata ukiwa ni nukta mbili za mwanga gizani!

Hili linalofuata nalipenda kuliko yote. Mtafiti mmoja wa Uingereza, Ian Walker, alifunga kipimo kwenye baiskeli yake akaingia barabarani apitwe na magari. Zaidi ya 2,300 yalimpita! Akagundua kwamba alipovaa helmeti, magari yalimsogelea kwa wastani wa sentimita 8.5 zaidi. Kisha akavaa nywele bandia ndefu ili kwa nyuma aonekane mwanamke. Unajua kilichotokea? Madereva wakampisha zaidi, kama sentimita 14! Na katika utafiti huohuo aligongwa mara mbili, mara moja na basi, mara moja na lori. Helmeti usiivue, rafiki yangu. Ila wewe dereva, jiulize unampimaje mtu kwa kumtazama mgongo tu.

Nafasi ya kumpita inapimwa kwa mita. Hispania, dereva anayempita mwendesha baiskeli lazima aache angalau mita 1.5. Ujerumani ni mita 1.5 mjini, na 2 nje ya mji. Mita 1.5 ni kama mtoto wa darasa la saba amelala kati yako na baiskeli. Wangapi wanaacha hivyo kwenye barabara unayopita wewe kila asubuhi?

Je, wajua kwamba lori likikata kona, matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele? Yanakata ndani zaidi, karibu na ukingo. Huku kwetu tunakoendesha kushoto, mwenye baiskeli aliyesimama ubavuni kushoto mwa lori kwenye taa yuko mahali pabaya kuliko pote: dereva aliye juu hamwoni, na tairi la nyuma linakuja alipo. Bakia nyuma. Kama huoni kioo cha pembeni cha dereva, na yeye hakuoni.

Mlango wa gari lililoegeshwa nao unaua! Uholanzi wana mbinu ndogo ya ajabu: fungua kwa mkono ulio mbali na mlango. Dereva aliyekaa kulia afungue kwa mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe, bega litafuata, na macho yatajikuta yanatazama nyuma ilikotokea baiskeli. Haigharimu hata shilingi. Tangu mwaka 2022, mwongozo rasmi wa barabarani wa Uingereza unaipendekeza.

Huku kwetu je? Boda boda ilikuwa baiskeli kabla haijawa pikipiki! Ilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, abiria kakaa kwenye keria, dereva anakanyaga. Na Goma, Kongo, mpaka leo kuna chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, kama ile ya Drais, inayobeba kilo mia kadhaa za viazi na mkaa. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu!

Burundi, vijana hushuka kutoka milima ya Bugarama kwenda Bujumbura na mikungu ya ndizi imefunika baiskeli nzima. Kupanda kurudi ndiko kunakotisha: hudandia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Wanajua hatari yake kuliko mimi na wewe. Mlima ni mrefu, na njia ya baiskeli hakuna.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, milima mitupu, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu!

Dar es Salaam nayo ilipojenga njia ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliweka pembeni njia za baiskeli. Mwaka 2018 ikawa jiji la kwanza la Afrika kushinda Tuzo ya Usafiri Endelevu. Copenhagen, kwenye barabara ya Nørrebrogade, taa zimepangwa hivi: ukienda kilomita 20 kwa saa kwa baiskeli saa za msongamano, unakutana na kijani, kijani, kijani! Utrecht, Uholanzi, kituo cha treni kina maegesho ya baiskeli 12,500.

Usidhani Waholanzi walizaliwa hivyo. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani kudai mauaji ya watoto yakome, na kutokana na madai hayo nchi ikaanza kujengwa upya. Leo wana baiskeli nyingi kuliko watu!

Na hesabu hii sasa: waendesha baiskeli wakiongezeka mara mbili, ajali haziongezeki mara mbili. Zinaongezeka kama theluthi moja tu, pengine kwa sababu madereva huwazoea na kuwatarajia. Kila mmoja anakuwa salama zaidi.

Moja la mwisho, kisha nikuache uende. Oslo, mji mkuu wa Norwei, mwaka 1975 watu 41 walikufa barabarani. Wakapunguza mwendo wa magari, wakaondoa mamia ya nafasi za maegesho katikati ya mji, wakaweka njia za baiskeli. Mwaka 2019, unajua ni waendesha baiskeli na waenda kwa miguu wangapi waliouawa na magari katika jiji zima? Sufuri!