Deni Dogo na Jina la Mtu

Katika mitaa yetu ya Kariakoo lipo neno ambalo kila mwenye duka analijua, nalo ni mali kauli. Kijana asiye na mtaji huenda kwa tajiri wa Mtaa wa Kongo au Msimbazi, akapewa majora ya vitenge au katoni ya viatu pasipo kutoa hata senti moja, ila kauli yake tu kwamba akiuza atarejesha. Akirejesha siku aliyoahidi, mara ya pili hupewa zaidi. Akijificha, basi ifikapo alasiri mtaa mzima umekwisha kumjua.

Siku hizi daftari la tajiri yule limepata ndugu yake mkubwa. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2012, mabenki hupeleka habari za wakopaji wao katika hazina moja, na kampuni zilizopewa leseni hutengeneza taarifa ya kila mkopaji. Humo huandikwa amekopa wapi, kiasi gani, na kama alilipa kwa wakati au alichelewa. Kisha hupigwa hesabu ikatoka namba, nayo ndiyo alama ya mkopaji. Namba hiyo haijui kanzu ya mtu wala nasaba yake. Hutazama zaidi kulipa kwa wakati, kisha wingi wa madeni aliyo nayo, na kama amebisha hodi kwa wakopeshaji wengi kwa muda mfupi.

Nami nilidhani mambo haya hayanihusu. Mimi ni mwalimu wa chuo, na riba nimeikimbia tangu ujana wangu. Lakini binti yangu alifiwa na mumewe, akabaki na watoto watatu na ufundi wake wa kushona. Mwezi wa Desemba ndio msimu wa sare za shule, naye hana cherehani. Nikaenda benki moja kuomba murabaha, yaani benki inunue cherehani kisha iniuzie kwa bei inayojulikana, nilipe kidogo kidogo. Karani akatazama mashine yake, akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, kwa jina lako kuna deni la simu halijalipwa."

Nilimwapia kuwa si langu. Kumbe lilikuwa langu kwa karatasi. Zilipoanza kusajiliwa laini kwa alama za vidole, mpwa wangu hakuwa na kitambulisho cha taifa, nikamsajilia laini kwa kidole changu mimi. Naye akakopa kwa laini ile shilingi elfu kumi na nane, akaitupa. Kwake deni lilikwisha siku ile. Kwangu lilikuwa likihesabiwa.

Wako watakaosema, mambo ya alama ni ya mabenki ya riba. Sivyo. Amana Bank, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, imo chini ya Benki Kuu ile ile. Wala kuandika deni si uzushi wa wageni: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu deni, nayo yaamuru liandikwe na lishuhudiwe. Na Mtume s.a.w. aliletewa jenaza ya mtu mwenye deni asimsalie, mpaka Abu Qatada alipolichukua juu yake. Deni lile lilikuwa dinari chache tu.

Walakini sura hiyo hiyo yaamuru mdaiwa aliye na dhiki apewe muda, na hapa ndipo nilipo na ugomvi na hawa wa kausha damu, wanaomkopesha mama muuza ndizi asubuhi na kumbebea sufuria zake jioni. Wako pia waliokuwa wakikopesha kwa programu za simu, kisha wakiwatumia jamaa za mdaiwa habari za kumfedhehesha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za namna hiyo. Anayekopa kwa mmoja ili amlipe mwingine hajalipa kitu, amehamisha moto kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Mimi nililipa deni lile, nikadai barua ya kumaliza deni, nikaipeleka mwenyewe ili habari irekebishwe, maana mtu ana haki ya kuiona taarifa yake na kulalamikia kosa lililomo. Barua ile ningali nayo ndani ya msahafu. Laini ya mpwa wangu nimeifunga. Ningalikuwa na akili hii mapema, ningaliuliza laini zilizo kwa jina langu kabla ya kwenda benki, na si baada ya kuaibika mbele ya karani.

Majuma yalipita kabla jina langu halijasafishwa, na sare za Januari zikashonwa na wengine. Cherehani ilikuja mwezi wa Shaaban. Binti yangu akashona kanzu za Idi. Mpwa wangu huja kila Ijumaa baada ya sala na shilingi elfu mbili. Naziandika katika daftari la mistari, na wanafunzi wawili wakubwa hutia sahihi.