Shilingi kumi kwa siku: jinsi ya kulipia SHA kama huna payslip

Fungua WhatsApp yako sasa hivi. Pengine kuna kikundi umeongezwa bila kuulizwa: picha ya mgonjwa, jina la hospitali na namba ya kutuma mchango. Wengi wetu tumetuma mia mbili, mia tano, tukaandika "pole sana". Hiyo pia ni bima ya aina yake. Shida ni kwamba inakuja mgonjwa akiwa tayari kitandani, na inategemea ana marafiki wangapi.

Nini kilibadilika?

Tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwepo tangu 1966. Zamani, mtu asiye na mshahara alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Sasa mchango ni 2.75% ya mapato, na haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Mwenye payslip hana kazi kubwa, mwajiri anakata. Mshahara wa shilingi 20,000 unakatwa 550. Wa 50,000 unakatwa 1,375.

Lakini mama mboga, fundi au mtu wa boda ataonyesha payslip gani? Yeye anajibu maswali kuhusu nyumba na maisha ya familia yake, kisha mfumo unakadiria mapato. Kiasi kinachotoka kinalipwa cha mwaka mzima. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kujisajili si kulipa

Hili linachanganya watu sana, kwa hivyo tuliweke wazi. Ukishajisajili, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango zinalipiwa na serikali, hata kama hujatoa mchango.

Lakini kulazwa na kufanyiwa upasuaji kwenye hospitali kubwa kunalipiwa na mfuko wa SHIF, na huko lazima mchango wako uwe umelipwa. Usingoje kugundua tofauti hii ukiwa mlangoni saa nane usiku na mtoto mgongoni.

Kwa nini ulipe ukiwa mzima? Fikiria chama chako. Kama kila mwanachama angeleta pesa wiki yake ya kupokea tu, kungekuwa na chama kweli? Bima ni vivyo hivyo: walio wazima leo ndio wanaomlipia aliyelazwa, na kesho zamu inageuka.

Hesabu ya kumi

Kiwango cha chini, 300 mara miezi 12, ni shilingi 3,600. Kutoa pesa hiyo mara moja inauma. Kwa wengine ni stoki ya wiki, au karo ya mtoto. Lakini igawanye kwa siku 365: haifiki shilingi kumi kwa siku. Kama umekadiriwa zaidi, fanya hesabu hiyo hiyo kwa kiasi chako.

Tunashauri hivi:

1. Piga *147# ujisajili, kisha ujibu maswali ya mapato kwa ukweli. Waandikishe pia mwenzi wako na watoto.
2. Fungua akaunti ya akiba kwenye simu na uipe jina "Hospitali". Kama inaweza kufungwa kwa muda, ifunge.
3. Weka kidogo kila jioni ukifunga kazi. Siku mbaya, ruka; siku nzuri, fidia.
4. Kiasi kikitimia, lipa mara moja. Soma jina la anayepokea kabla ya kuweka namba yako ya siri, na uhifadhi ujumbe wa malipo.
5. Andika tarehe mwaka wako unapoisha, uanze kuweka tena mapema.

Na tahadhari moja: kujisajili ni bure. Mtu akikupigia akitaka namba yako ya siri "akusaidie na SHA", kata simu.

Hatutakudanganya kwamba bima italipa kila kitu. Kila huduma ina kiwango chake, kwa hivyo uliza hospitalini kabla ya kutibiwa. Michango ya WhatsApp pia haitaisha kesho. Lakini ni afadhali kuchangisha pesa iliyopungua kidogo kuliko kuchangisha bili nzima.

Leo jioni, kabla ya kulala, anza na kumi.