Sekunde za Kubadilisha Mrija Kooni

Kijana wa bodaboda wa Suguti akianguka na kuumia kichwa, safari yake ya matibabu inaweza kuanzia hospitali ya wilaya palepale katani, ikapita Musoma, ikaishia Bugando, Mwanza, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Huko mashine humpumulia kwa mrija uliopitishwa mdomoni hadi kwenye bomba la hewa. Ikipita wiki moja au mbili bila yeye kuweza kupumua mwenyewe, ndugu huitwa na kuambiwa koo litatobolewa. Kina mama huangua kilio, na siwalaumu, kwani neno lenyewe linatisha.

Tundu hilo, trakeostomi, hupasuliwa mbele ya shingo, chini ya kongomeo, kisha mrija mfupi ukaingizwa. Mdomo unapumzika, makohozi yanavutwa kwa urahisi, na dawa za usingizi zinapunguzwa.

Hatari kubwa iko kwenye kupokezana kwa mirija hiyo miwili. Mpasuaji yuko shingoni. Mimi, daktari wa usingizi, nimesimama kichwani. Mrija wa zamani umekaa palepale kisu kinapopita, na puto lake, linaloubana ndani ya bomba la hewa, linaweza kutobolewa. Kwa hiyo nampa mgonjwa oksijeni tupu kwa dakika kadhaa, nalegeza puto, navuta mrija polepole hadi ncha yake isimame juu kidogo ya tundu. Navuta, lakini sichomoi! Kwa sekunde hizo mlango wa juu umelegea na wa chini haujakaa. Mrija mpya ukikosea njia na kuingia kwenye nyama ya shingo, ule wa zamani ndio utakaorudishwa chini kumwokoa. Nauachia tu pale kioo cha mashine kinapoonyesha kaboni dioksidi ikitoka kwa kila pumzi, kwani hewa hiyo hutoka mapafuni.

Kuna moto pia. Kifaa cha umeme cha kuzuia damu kikitumika kufungua bomba lililojaa oksijeni, mrija wa plastiki huweza kuwaka ndani ya koo la mtu. Ndiyo maana bomba hufunguliwa kwa kisu au mkasi.

Madaktari wa Bugando walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa wao 214 waliotobolewa koo katika kipindi cha miaka kumi. Takriban wanane katika kila kumi walitobolewa kwa dharura. Lakini mgonjwa ambaye tayari ana mrija mdomoni ana bahati ya kupangiwa saa, watu na vifaa. Haraka isiyo ya lazima inamnyima bahati hiyo.

Wiki ya kwanza njia ya tundu bado ni changa. Mrija ukichomoka, kuusukuma kwa kubahatisha huua. Hewa ipitishwe tena kupitia mdomoni.

Wengi hutolewa mrija kabla ya kuruhusiwa. Anayerudi nao Suguti asiingie ziwani hata kwa kuoga, maana maji yatakwenda moja kwa moja mapafuni. Akae mbali na moshi wa jikoni, na mrija mwembamba ulio ndani ya ule wa shingoni usafishwe kila siku kama muuguzi alivyowaonyesha. Akianza kuhema kwa shida, chomoeni kwanza huo wa ndani, kwani mara nyingi ndio ulioziba. Asipopata nafuu papo hapo, mkimbizeni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.