Mbwa Anayesimama, Mbwa Anayekimbia

Mwenzangu wa chumba alinionyesha video ya wawindaji wa South Dakota, Marekani. Mbwa anakata mbuga kwa kasi, ghafla anaganda: mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua imeelekea kichakani. Mwongozaji anawaambia wateja wasogee taratibu. Ndege anapaa, bunduki zinalia.

"Oya, si kama kwenu Bahi? Mbwa mnao, kwale wapo. Tukifunga chuo twende tukaanzishe, watalii walipe."

Nimekulia Bahi na nimekimbizana na kwale mbwa wa babu wakiwa mbele, kwa hiyo ngoja nieleze.

Mbwa wa kwenye video hafundishwi kukamata. Kazi yake ni kusimama. Mbwa yeyote husita kidogo kabla ya kurukia windo. Wazungu kwa vizazi vingi walizalisha wale waliosita zaidi, ndipo zikapatikana aina kama Pointer na Setter. Anakwenda kushoto na kulia akiukabili upepo mpaka anase harufu. Ndege naye akihisi hatari anajibana chini, akitegemea rangi yake imfiche. Hapo mwongozaji anapata muda wa kuwapanga watu, asije akapigwa mtu wala mbwa.

Mbwa wa babu hawakusimama hata siku moja. Wakinusa tu, wameruka, na sisi nyuma na manati. Kwale anafumuka kwa kelele karibu na miguu yako, unashtuka, na ukija kutulia keshatua ng'ambo ya korongo. Mara nyingi tulirudi mikono mitupu, miiba ya migunga miguuni. Kanga ndiyo usiseme. Yeye hutimua mbio na kundi lake, kwa hiyo hata yule mbwa wa video angebaki anaonyesha mahali kanga alipokuwa. Halafu kuna kiangazi chetu: jua likishapanda ardhi inakauka, harufu haikai. Mbwa ana kazi alfajiri tu.

Ila kinachoua mradi wa rafiki yangu ni kingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inamtaja mbwa waziwazi, pamoja na gari, sumu, nyavu na mitego, kati ya vitu ambavyo huruhusiwi kuwindia bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Hapo bado hujagusa leseni ya kuwinda wala ya bunduki.

Maana yake, tulichofanya utotoni kilikuwa kosa, na hakuna aliyetuambia. Sisi tuliita kitoweo. Sababu ya katazo naiona: kwale hutaga chini, na mbwa asiyefunzwa hachagui kati ya jogoo, yai na kifaranga. Kinachonikera ni kwamba mwenye hela atamtuma mtu amfuatilie kibali, wakati dogo wa kijijini atajua kuna sheria siku akikamatwa. Nilipokwenda likizo niliwaambia wadogo zangu. Walicheka, wakadhani chuo kimenilegeza.

Rafiki yangu nimemwambia aje baada ya mvua, Mto Bubu ukishajaza bwawa la Bahi, tuazime darubini tuangalie ndege.

"Na mbwa?"

"Watabaki na babu, walinde kuku."