Panya, Soya na Madini Joto

Je, wajua kwamba tezi ya thiroidi ya panya wa maabara ina uzito unaokaribia punje moja ya mchele? Imelala shingoni, huku na huku ya koo la hewa. Kazi yake ni kuokota madini joto kwenye damu, yale yale yanayoandikwa kwenye pakiti za chumvi, na kuyapachika kwenye protini ili kupata homoni mbili, T4 na T3. Tarakimu hizo ni hesabu ya atomi za madini joto zilizomo. Homoni zikipungua mwili hupoa, ukuaji hudumaa, na ubongo wa kichanga hauwezi kukomaa ipasavyo.

Miaka ya 1930 watafiti waliwalisha panya soya mbichi, tezi zikavimba. Lilikuwa rovu hasa, nalo lilizuilika kwa kuongeza madini joto kwenye chakula. Majibu hayo yalichapishwa. Hata hivyo ilipofika 1959 na 1960, madaktari wa Marekani wakawa wanaeleza habari za vichanga wenye rovu, waliolelewa kwa maziwa ya kopo ya unga wa soya. Tiba yenyewe haikuwa ngumu: mtoto akibadilishiwa maziwa au akiongezewa madini joto, uvimbe ulinywea. Viwanda vikaanza kutia madini joto, na katika muongo huo vikaacha unga wa soya na kutumia protini iliyochujwa. Miaka 20 na ushei tangu panya watoe onyo!

Soya hufanyaje? Mwaka 1997 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba isoflavoni zake, jenisteini na daidzeini, hukizuia kimeng'enya cha TPO, ambacho ndicho fundi wa kupachika. Madini joto yakiwapo, isoflavoni hujipenyeza na kupachikwa zenyewe, kazi ya homoni ikakwama kwa muda. Yasipokuwapo, kimeng'enya huharibika moja kwa moja.

Jambo la kustaajabisha lilikuja mwaka 2000. Panya waliolishwa jenisteini walipoteza hadi asilimia 80 ya nguvu ya TPO, lakini homoni katika damu yao zilibaki za kawaida na tezi haikuvimba. Akiba ya tezi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka huo huo utafiti wa Japani uliwapa panya soya nyingi huku ukiwanyima madini joto: tezi zilikua kupita kiasi, kuliko kwa soya peke yake au upungufu peke yake. Kwa maoni yangu, jaribio hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Panya, hata hivyo, si binadamu mdogo. Nusu ya T4 katika damu yake huisha ndani ya siku moja. Kwetu huchukua karibu wiki. Tezi yake haipumziki, kwa hiyo huyumbishwa upesi.

Soya ina njia nyingine ya kugusa homoni, ya utumbo. Sehemu ya T4 humwagwa na nyongo, kisha hufyonzwa tena. Soya huishika ikatoka na choo. Kwa mtoto mwenye thiroidi nzima hilo halina kishindo. Lakini yupo anayezaliwa na tezi isiyofanya kazi, akaishi kwa vidonge vya T4. Huyo akinywa maziwa ya soya, daktari hulazimika kumpima damu mara kwa mara na pengine kumwongezea dozi. Na akiachishwa soya hupimwa upya, kwa sababu dozi ile ile sasa inaweza kumzidi.